Mbuzi wa Sehemu ya Pili

Wakubwa wa shule yetu wamekubaliana kwamba jambo la mbuzi lisizungumzwe tena. Mimi Musafiri, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sekondari, mzaliwa wa Kampene, mlalaji wa bweni la wavulana kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha lisilofungika, ninauheshimu sana uamuzi huo. Kwa hiyo sitalizungumza. Nitaliandika tu.

Mwanzo wake ulikuwa somo, jambo ambalo wazazi wanaotupeleka shule wangepaswa kulifikiria.

Mwalimu wetu ni Sitwayeni Ngoyi. Siku hizi Zaire haina bwana wala bibi. Kila mtu mzima ni sitwayeni, hata yule anayekuchapa. Ngoyi ni mtu wa Katanga, mwembamba, mwenye abakosti moja, lile koti lisilovaliwa na tai, inayong'aa kwenye viwiko. Kabla hajafika hapa Kindu, sisi tulidhani kusoma hadithi ni kuimaliza. Yeye akatufundisha kuisoma tena baada ya kuimaliza, tukiuliza: nani anataka nini, nani anamzuia, na umeyaona wapi hayo. Swali la mwisho ndilo lililokuwa ugonjwa wake. Ukisema mzee katika hadithi ni mchoyo, Ngoyi anakunyooshea mkono, kiganja juu, anasema neno moja tu: "Mfano." Usipokuwa na mfano unabaki umesimama. Nadhani mwaka ule nilirefuka kwa sababu hiyo.

Tulipokwisha kuzoea hadithi fupi, alituingiza kwenye michezo ya kuigiza. Alisema hadithi inaweza kukuambia mtu alikuwa anawaza nini, lakini mchezo unakuonyesha tu anachosema, anachofanya na alichoshika mkononi. Hivyo tuangalie sana mikono. Alisema hakuna kitu kinachoingia jukwaani bila kazi: kikiingia kiti, kuna atakayekaa au atakayeanguka. Mimi niliyaandika hayo kwa moyo safi. Nataka ijulikane kwamba nilikuwa nasikiliza.

Kwa kuwa kitabu cha michezo kilikuwa kimoja kwa darasa zima, na nusu yake ilikuwa imeliwa na mchwa, Ngoyi aliandika mchezo wake mwenyewe ili tuucheze kwanza, halafu tuuchambue. Ulikuwa na sehemu tatu. Katika ya kwanza kijana anakuja kumposa msichana aitwaye Zawadi. Katika ya pili kijana analeta mbuzi, na ba'mdogo wa Zawadi anaipokea kamba. Katika ya tatu Zawadi anaulizwa, anakataa, na mbuzi anarudishwa, kwa sababu Zawadi anataka kusoma awe muuguzi.

Zawadi alichezwa na Tshiela. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tshiela alikuwa anatoa mfano kabla kiganja cha mwalimu hakijafunguka vizuri. Yeye hakulala bwenini. Alikuja kila asubuhi kwa miguu kutoka kambi ya reli. Baba yake, dereva wa treni, alikufa, na sasa yeye na mama yake walikaa kwa ba'mdogo wake, Sitwayeni Kabasele, mtu wa Kasai, mwenye ofisi pale stesheni. Kabasele ndiye aliyemlipia shule, na masharti yake tuliyajua sote kwa sababu Tshiela mwenyewe alitusimulia. Kwao, mbuzi anayeletwa kwa ajili ya binti, akipokelewa na kuliwa, maneno yamekwisha, binti ameolewa. Na Kabasele alikuwa amesema wazi: siku mbuzi ya muntu itaingia kwangu, vitabu vinatoka. Tshiela alitueleza hayo akicheka, lakini alipokuwa anacheka mkono wake ulikuwa juu ya vitabu. Aliipenda nafasi ya Zawadi kwa sababu ya sehemu ya tatu. Alikuwa anaifanyia mazoezi njiani, peke yake, akiwakatalia wapita njia.

Mimi nilichezeshwa kijana mposaji. Mwalimu alisema ninafaa kwa sababu sina haya. Nikamwomba mfano. Akanipa mitano.

Mbuzi alichezwa na Valère, ambaye serikali ilikuwa imemwondolea jina hilo la kikristo lakini sisi tukamwachia bwenini. Alitambaa kwa mikono na magoti akiwa amevaa gunia. Ba'mdogo wa Zawadi alichezwa na mvulana mmoja mwenye sauti nzito na kumbukumbu nyepesi. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo nilipoanza kuhuzunika.

Nilihuzunika kwa niaba ya somo. Je, mwalimu hakusema kila kitu jukwaani kina kazi? Gunia lenye Valère lilikuwa na kazi gani? Halafu nyuma ya ofisi ya nidhamu kulikuwa na mbuzi halisi, mweupe, masikio ya kahawia, aliyefungwa kwenye nguzo na kulishwa maganda ya mihogo ya jikoni kwetu. Alikuwa mali ya Sitwayeni Mbusa, mkurugenzi wa nidhamu, mtu wa Kivu ya Kaskazini, aliyewahi kunikatisha majani ya uwanja mzima kwa sababu nilitabasamu bendera ikipanda. Mbusa alimpenda mbuzi huyo kuliko sisi. Nilifikiri: siku ya mchezo Mbusa atakaa mstari wa mbele, karibu na Mgeni wa Heshima. Atamwona mbuzi wake akiingia jukwaani kuwa mahari, na hataweza kusema neno. Huo ndio ulikuwa mpango wote. Nauandika hapa wazi ili watu waone ulivyokuwa mdogo.

Mchezo ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa chakula, sikukuu ya Chama. Mgeni wa Heshima alikuwa mkubwa fulani wa Chama aliyekuwa anapita tu; meli yake ilikuwa bandarini inamsubiri. Kushoto kwake alikaa Mbusa. Kulia alikaa Sitwayeni Kabasele, kwa niaba ya wazazi, amevaa abakosti ya kijivu na beji kifuani.

Sehemu ya kwanza ilipita. Katika ya pili nilitoka nyuma ya shuka lililokuwa pazia letu, nikivuta kamba. Valère alikuwa amebaki jikoni na gunia lake, ameridhika. Mbuzi aliingia kama mtu aliyealikwa. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na mimi nikamwangalia Mbusa. Uso wake nitaukumbuka nikiwa na shida maishani. Mdomo ulifunguka, akamtazama Mgeni wa Heshima, akaona Mgeni anacheka mpaka miwani inateleza, basi na yeye akaanza kucheka, bila macho.

Nikapiga magoti, nikasema maneno yangu: namleta mbuzi huyu kwa ajili ya Zawadi, nani wa kwao atashika kamba? Yule mvulana mwenye sauti nzito alipaswa kuja. Lakini alipomwona mbuzi wa mkurugenzi wa nidhamu, kumbukumbu yake nyepesi iliruka pamoja na miguu yake, akabaki nyuma ya shuka. Nikarudia. Kamba ikabaki mkononi mwangu. Tshiela alikuwa kwenye kigoda chake, ananitazama kwa macho yanayouliza kama hiki kiumbe kimetoka kwangu au kwa mwalimu.

Hapo Sitwayeni Kabasele akainuka.

Alinyoosha abakosti yake, akapanda jukwaani polepole, akashika kamba. Akasema kwa sauti ya ofisini, "Sisi wa kwao tumepokea."

Sijawahi kusikia makofi kama yale. Ngoyi, aliyekuwa pembeni ya shuka, alinong'ona kwamba hii ni ajabu, mtazamaji amegeuka mhusika, tutaichambua Jumatatu. Nami nilivimba kifua. Kisha Mgeni wa Heshima, akidhani mchezo umeisha, akasimama. Mkubwa wa Chama akisimama, kila mtu anasimama. Alipiga makofi, akatoa kauli ya Chama, na ukumbi wote ukaitikia. Wimbo ukaanza. Wimbo wa Chama ukianza, unacheza; huwezi kusema samahani, bado kuna sehemu ya tatu. Mwalimu alicheza. Mbusa alicheza, shingo imegeukia mlango, kwa sababu katikati ya wimbo Kabasele alikuwa anatoka, naye anacheza vizuri sana, na mbuzi nyuma yake. Mbusa hakuweza kumfuata. Aliyeacha kucheza mbele ya Mgeni angeeleza sababu, na sababu ilikuwa mbuzi.

Jumapili, upepo ulipotoka upande wa kambi ya reli na harufu ya nyama, bweni zima lilijua.

Jumatatu asubuhi, bendera ikiwa bado inapanda, Mbusa alitangaza mbele ya shule yote kwamba mbuzi yule alikuwa wake, wake mwenyewe, aliyemnunua angali mdogo, na kwamba mhusika atamjua yeye ni nani. Nilijua mhusika ni nani. Nilikunywa chai yangu kama mtu anayesafiri mbali.

Tukaingia darasani. Nafasi ya Tshiela, kando yangu, ilikuwa tupu.

Ngoyi alikuwa amekwisha kuandika ubaoni jina la mchezo. Alimsubiri kidogo, akaangalia mlango, akaanza bila yeye. Ndipo tukasikia viatu. Waliingia Mbusa, Sitwayeni Kabasele na Mzee Tshimanga, ambaye ni mkubwa wa watu wa Kasai hapa Kindu. Harusi yao haifungwi wala msiba wao hauishi bila yeye. Nyuma yao, akasimama mlangoni, alikuwa Tshiela. Hakuwa na sare ya shule. Alikuwa amevaa kitenge na kufunga kitambaa kichwani, na mikononi alikuwa na vitabu vya shule vilivyofungwa kwa uzi. Akavipeleka mezani kwa mwalimu, akaviweka, akarudi mlangoni. Hakututazama.

Ngoyi aliuliza kuna nini.

Kabasele alijibu kwa heshima kubwa. Alisema amekuja kurudisha vitabu na kumshukuru mwalimu, na pia kuwaona watu wa upande wa kijana, kwa sababu tangu Jumamosi hajamwona mtu kuja kuendeleza maneno.

Mwalimu alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayetafuta pa kukaa. Akasema, sitwayeni, ule ulikuwa mchezo.

"Mwalimu, mimi si muntu wa jana," Kabasele alisema. "Teatri naijua. Maneno ya hawa watoto ilikuwa teatri. Kijana kupiga magoti, teatri. Lakini mbuzi haikuwa teatri. Iliingia kwangu na miguu yake, tukachinja, tukakula. Ile damu ilikuwa ya kweli."

Mimi niliona chumba kinazunguka taratibu, pamoja na ubao. Nilikuwa mtoto wa Kampene niliyekuja Kindu kutafuta diploma, na sasa nilikuwa nimeoa.

"Kwetu," Kabasele akaendelea, na njo yake ni ndiye ya vitabuni, "mwenye mbuzi njo baba ya kijana. Sasa nauliza tu: mbuzi ilikuwa ya nani?"

Darasa zima likamgeukia Mbusa. Hatukupanga. Shingo zetu zilikwenda zenyewe. Alikuwa ametangaza asubuhi ile mbele ya bendera, na hata wapishi walisikia.

Mbusa akanitazama. Nami nikamtazama. Sijui nani kati yetu alishtuka zaidi. Nilijaribu kutabasamu kama mwana.

Mbusa alisema hajatoa mbuzi kwa mtu, mbuzi aliibwa, na mwizi amekaa pale. Kidole chake kilinifikia mpaka kwenye pua.

"Iliibwa," Kabasele alisema. Alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja mboga. "Basi Jumamosi, katika sikukuu ya Chama, mimi nilipokea mali ya wizi, na Mgeni wa Heshima akapigia wizi makofi. Njo unataka kusema hivyo, sitwayeni?"

Juu ya ubao kuna picha, ile inayotundikwa katika kila chumba cha nchi hii. Mbusa aliitazama.

"Sikusema hivyo," akasema.

Basi hapo ndipo tulipofika. Mbuzi hakuweza kuwa ameibwa. Kama ametolewa, nimeoa, na baba yangu ni mkurugenzi wa nidhamu. Na kurudishwa hawezi, kwa sababu ameliwa. Nilikuwa nimefanya mizaha mingi katika maisha yangu, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa umefunga milango yote namna hii. Kisha nikaliangalia lile fungu la vitabu mezani, na uzi uliofungwa fundo kali, na mara nikaona kwamba mimi hakuna kitakachonipata. Nitakata majani, basi. Anayetoka ni Tshiela.

Ngoyi naye alikuwa anaviangalia vitabu. Alichukua chaki. Nadhani alifanya vile kwa sababu hakuna kitu kingine alichojua kufanya. Alisema somo limekwisha kuanza, na wazazi wanakaribishwa kukaa nyuma mpaka liishe, halafu vitabu vitapokelewa. Kabasele na Mzee Tshimanga wakatazamana. Kwa heshima ya chaki, wakaenda kukaa kwenye madawati ya nyuma, magoti yamegonga mbao.

Mwalimu akauliza: mchezo wetu wa Jumamosi uliishia wapi?

Nikanyoosha mkono nikasema uliishia tumboni. Hakuna aliyecheka. Hata Mbusa hakukasirika. Hapo nikajua hali ni mbaya.

Kule mlangoni, Tshiela akanyoosha mkono. Hakuwa tena mwanafunzi, lakini aliunyoosha, na mwalimu akamruhusu.

"Haujaisha," alisema.

Kiganja cha Ngoyi kilifunguka chenyewe kwa mazoea. Akaona aibu, akataka kukishusha. Tshiela akawa amekwisha kujibu.

"Zawadi hajaulizwa." Akageuka nyuma kwa ba'mdogo wake, akapunguza sauti, lakini si sana. "Baba mudogo, hata kwetu njo vile. Mbele ya kuchinja, binti anaitwa mbele ya watu, wanamuuliza: tukule, ama tusikule? Mama alinielezea. Mimi sikuitwa. Nilirudi kutoka shule, nikakuta nyama katika sufuria."

Mzee Tshimanga alikuwa ameegemea ukuta, macho yamefumbwa nusu. Sasa aligeuza kichwa polepole.

"Kabasele," alisema. "Hukumuuliza mutoto?"

Kabasele alieleza. Ilikuwa Jumamosi, watu walikuwa wamejaa uani, walisikia nyimbo, mke wake alikuwa amekwisha kuweka maji motoni. Alidhani kwa kuwa mtoto alikuwepo pale jukwaani ameketi, ni kama ameulizwa.

"Na mimi ulinipa paja," Mzee alisema. "Nikakula."

Sijawahi kuona mzee ameshtuka vile. Alilishika tumbo lake kwa mikono miwili, kana kwamba paja lile lingeweza bado kutoa ushahidi. Kisha akasema kwamba jambo likikosewa linarudiwa lilipokosewa, mbele ya macho yaleyale. Mtoto aulizwe sasa hivi, hapa.

Ngoyi akasema kwa sauti ndogo kwamba hiyo ndiyo sehemu ya tatu. Mzee akamwambia aiite anavyotaka.

Madawati yakasogezwa. Kigoda hakikuwepo, Tshiela akasimama. Kabla sijafika mbele, Kabasele alimwita kando, lakini chumba chetu hakina kando, tukasikia wote.

"Fikiri vizuri," alimwambia. "Ukikataa, mbuzi inarudi, na wa kuitafuta njo mimi. Na wa kulipa shule pia njo mimi."

Hakusema kwa ukali. Ndiyo maana ilitisha. Akikubali, vitabu vinabaki pale mezani. Akikataa, huenda vinabaki palepale, na nyumbani atakuwa mtoto aliyemgharimu ba'mdogo wake mbuzi. Niliangalia uso wa mwalimu. Katika mchezo wake Zawadi alikuwa anakataa, watu wanapiga makofi, pazia linashuka. Hakuwa ameandika kitu kuhusu nani atamlipia Zawadi masomo ya uuguzi. Nadhani aliliona shimo hilo pale pale, kwa sababu alikaa.

Nilipiga magoti. Maneno ya sehemu ya tatu niliyajua vizuri, yalikuwa matamu, mwalimu aliyachonga usiku kucha. Nikamwambia Zawadi kwamba nampenda, kwamba nyumba iko tayari, kwamba mbuzi wangu ni mwanzo tu. Nilipofika kwenye "mbuzi wangu" Mbusa alikohoa.

Tshiela alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanikataa.

Nilitegemea kukataliwa, iliandikwa. Sikutegemea kukataliwa kwa mifano. Alisema kabla ya leo huyu kijana amekuja mara mbili, mara zote mbili akazungumza na kila mtu ila msichana. Alisema ameleta mbuzi ambaye si wake, na anayeanza nyumba kwa mbuzi wa watu wengine ataiendeleza kwa nini. Alisema amemleta ili watu wacheke, na watu wakacheka, naye hakugeuka hata mara moja kutazama kama yule aliyekaa kwenye kigoda anacheka. Hilo la mwisho halikuwa katika mchezo. Hilo lilikuwa langu mimi, Musafiri, na lilinikuta nimepiga magoti, mahali pabaya pa kupokea maneno.

Kisha akaacha kunitazama.

"Mimi si Zawadi sasa," alimwambia Kabasele. "Mimi ni Tshiela. Nimeulizwa, najibu: msikule. Nataka kusoma. Kama hautalipa, baba mudogo, sina nguvu, nitakaa nyumbani. Lakini usiseme ni mbuzi iliniondoa shule. Sema ni wewe."

Nje, upande wa stesheni, treni ya mizigo ilikuwa inapanga mabehewa, yanagongana moja baada ya jingine. Mtoto wa miaka yetu hasemi hivyo na mtu anayemlisha. Sisi wa bwenini, wenye sifa za ujeuri, tulikuwa tumekodoa macho kama vyura. Mbusa, ambaye kazi yake yote ni kuzuia watoto wasiseme hivyo, alimtazama Kabasele aone atampiga kwa mkono upi.

Mzee Tshimanga alisema mtoto ameulizwa na amejibu, mbuzi inarudi. Juu ya shule hakusema kitu. Shule haikuwa mali yake.

Kabasele alikaa. Alikuwa ameweka viganja juu ya dawati la mtoto, na dawati lile lilikuwa dogo kiasi kwamba alionekana amelivaa. Alimgeukia mwalimu.

"Njo hii munafundisha hapa?"

Ngoyi akasimama. Alisema ndiyo.

"Kumujibu mukubwa?"

Mwalimu alifikiri. Nilimwona anafikiri, alikuwa na mke na watoto huko mtaa wa Kasuku, na mkurugenzi wa nidhamu alikuwa anamsikiliza.

"Kuonyesha ameona wapi anachokisema," alijibu.

Kabasele akatazama mikono yake. Akasema nyumbani huwa anamsikia mtoto huyu nyuma ya jikoni, anasema peke yake, anauliza na kujibu. Alidhani ni mambo ya huzuni ya baba yake, hivyo hakumsumbua. Hakujua kwamba ni masomo. Kisha akajinasua kwenye dawati, kwa shida, Mzee akimsukuma mgongoni, akaenda mpaka mbele ya Tshiela. Mimi bado nilikuwa chini. Nilisogea kwa magoti nipishe.

"Umenisema mbele ya watu," alimwambia.

"Ndiyo, baba mudogo."

"Mbele ya Mzee."

"Ndiyo."

"Mbuzi nitatafuta," alisema. "Na hii shule nitalipa. Lakini siku wewe mwenyewe utaniambia nikule, uniambie na sauti hii hii. Nisikie vizuri."

Alimpa mwalimu mkono, akampa Mbusa mkono, na akaniruka mimi. Mzee Tshimanga akamfuata, bado ameshika tumbo.

Tshiela alikwenda mezani. Fundo la uzi lilikataa kufunguka; alilikata kwa meno, akachukua kitabu cha juu, akaja kwenye dawati letu. Aliketi na kitenge chake na kitambaa kichwani, bila sare, jambo ambalo sheria za shule zinalikataza kwa herufi kubwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wenyewe. Mbusa alikuwa bado amesimama karibu na karatasi hiyo. Alimwona. Alifungua mdomo. Tshiela akainua macho akamtazama, akisubiri aseme.

Mbusa akaufunga mdomo, akatoka.

Mimi nilirudi kwenye nafasi yangu nikipangusa magoti. Tshiela akafungua kitabu, akaniambia nisogeze kiwiko.